Sauti Kooni mwa Marcelo

Asubuhi moja Marcelo alifungua kinywa amsalimie mteja kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, kikatoka kikohozi. Hakikuwa chake. Kilikuwa chembamba, cha mtoto mdogo, nacho kilitoka kooni mwa mwanaume mwenye kitambi na koti jeupe aliloshonewa na fundi wa sokoni.

Enzi hizo za ruksa, kila mwenye mtaji alifungua alichotaka. Marcelo, ambaye kazi yake ilikuwa kununua pamba, alifungua duka la dawa baridi mjini Bariadi, akajiita daktari. Cheti kilichoning'inia ukutani kilikuwa cha Felisita, nesi mstaafu, aliyepaswa kisheria kukaa dukani na kuwahudumia wagonjwa mwenyewe. Felisita alikuwa shambani kwake akilima mpunga. Kaunta aliachiwa Lukresia, mpwa wa Marcelo, aliyefundishwa jambo moja tu: mteja asitoke mikono mitupu.

Dawa ya maji ya malaria ilipopita muda wake, Marcelo hakuitupa. Alifuta tarehe kwa spiriti, akairudisha rafuni. Nyanjige wa Ngulyati alipokuja na mwanawe Kija mgongoni, anachemka homa, shingo imelegea, mtu yeyote mwenye akili angemwambia amkimbize hospitali. Marcelo alimwambia, "Mnyweshe hii, mayu. Kesho utamwona anacheza."

Kesho yake Kija alizikwa.

Sasa baada ya kikohozi ikaja harufu, jasho la homa na matapishi machungu, ikamfuata Marcelo kutoka kaunta hadi stoo. Kisha, mchana kweupe, midomo yake ikasema yenyewe:

"Mayu, nasikia baridi."

Lukresia alidondosha chupa. "Mjomba," alinong'ona, "nani huyo?"

"Nyamaza! Wateja watasikia."

Hapo ndipo akili yake ilipoishia, kwa wateja.

Ikabidi aitwe Shida, mganga wa Mkula. Alichoma dawa zake sakafuni, akakaa akimtazama Marcelo usoni.

"Wewe uliye ndani, nani?"

"Kija."

"Unataka nini?"

"Dawa."

"Mpe," Shida akamwambia Marcelo.

Marcelo akanyoosha mkono. Mkono ukaziruka chupa zote za rafuni, ukaenda chini ya kaunta, ukatoa chupa mpya aliyowawekea watoto wake mwenyewe.

Shida akatema mate pembeni. "Kumbe unajua. Mimi huyu simtoi. Mwiteni mama yake."

Nyanjige alipoingia, koo la Marcelo lilianza kuvimba, na ile sauti ikaita "mayu, mayu," ikipanda kila ilipoita, huku chupa zikigongana rafuni bila kuguswa na harufu ikiwaziba pumzi wote waliokuwamo, na Marcelo, daktari wa watu, amejikunyata chini ya cheti kisicho chake, suruali imelowa, akimsihi kwa macho mwanamke ambaye yeye mwenyewe hakuwahi hata kumpa pole ya msiba.

Nyanjige hakupiga kelele. Alifungua kitenge chake begani, akampa mgongo Marcelo, akainama.

"Panda, mwanangu. Twende nyumbani."

Taya la Marcelo lilifunguka mpaka likalia, akaanguka. Kitenge kilichokuwa kimelegea kikajaa. Nyanjige akafunga fundo kifuani, akajiinua polepole kama mama yeyote mwenye mtoto mzito, akatoka.

Marcelo alipangusa midomo. Sauti yake ilikuwa imerudi.

"Lukresia, fungua madirisha harufu itoke. Watu wanasubiri huduma."

Lukresia aliacha funguo juu ya kaunta, akatoka nje. Nyanjige alikuwa ameshika njia ya Ngulyati, watu wakimpisha bila kujua kwa nini. Upepo ulipeperusha nguo za wanawake wote barabarani. Kitenge cha Nyanjige hakikutikisika, isipokuwa pale ubavuni, ambapo unyayo mdogo ulikuwa ukisukuma kitambaa kwa ndani, ukitafuta mahali pa kutulia.