Nafasi ya Mtu Mmoja

Yadi ya magari mabovu haijui utulivu. Asubuhi ile kreni ilikuwa inalia kwa kukosa grisi, madalali wa vipuri wanagombania mlango wa gari ambao bado ulikuwa na matope ya mtaroni, na mlinzi wa getini anamuuliza kila anayeingia amefuata gari gani, kama vile anauliza mgonjwa wake yuko wodi ipi. Mkunga aliingia na gauni lake la njano, raba nyeupe miguuni na plasta ndogo juu ya goti. Plasta hiyo ndiyo ilikuwa jeraha lake lote.

Wiki hiyo, akirudi nyumbani kutoka zamu hospitalini, lori lililokatika breki lilimkuta kwenye makutano ya barabara, likalibeba gari lake mpaka kwenye ukuta wa kiwanda. Watu walimtoa kwa dirisha la nyuma. Alisimama kando ya barabara akajipapasa mbavu, mikono na kichwa, akaomba maji ya kunywa. Sasa alikuwa amefuata vitu vyake vilivyobaki ndani ya gari.

Alimkuta mwanaume amelala chali chini ya kile kilichokuwa boneti, miguu nje, tochi mkononi, anajisemesha peke yake. Alipoona raba nyeupe karibu na uso wake alijivuta akatoka. Shati lake jeupe lilikuwa limekunjwa mikono, na juu yake kizibao cha kung'aa kilichojaa masizi. Alivua kofia.

"Pole na msiba, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Umekuja kuchukua vitu vya marehemu?"

"Marehemu yupi?"

"Aliyekuwa anaendesha."

"Aliyekuwa anaendesha ni mimi."

Mwanaume alimtazama kuanzia raba mpaka utosini, akageuka kulitazama gari, akamrudia tena. Kisha akakaa juu ya tairi.

"Naomba mkono wako," alisema.

Mkunga akampa, akidhani anataka kusaidiwa kuinuka. Yeye aliushika tu, kwa vidole viwili, pale pale ambapo mkunga mwenyewe huwashika wagonjwa wake akihesabu mapigo.

"Una joto," alisema kwa mshangao.

"Ulitaka niwe wa baridi?"

Mkaguzi wa bima huyu alikuwa ametumwa na kampuni akiwa na namba ya gari tu. Karatasi za madai zilikuwa bado njiani. Kazi hiyo alikuwa ameifanya muda mrefu kiasi kwamba alisoma chuma kama wengine wanavyosoma gazeti, na chuma kile kilikuwa kimemwambia kwamba hakuna aliyepona. Asubuhi nzima alikuwa akifanya kazi kwa heshima ya mtu aliyekufa, na sasa marehemu mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake na gauni la njano, anacheka.

Ndivyo walivyoanza. Alimsaidia kuchomoa mkoba wa kazi uliobanwa chini ya kiti, akamsindikiza mpaka getini, na pale getini hakuna aliyetaka kuondoka. Jioni ile alimpigia simu kuuliza kama goti linauma. Kesho yake akapiga kuuliza kama bado liko vile vile. Siku ya tatu hakutaja goti.

Tangu hapo alimwita Marehemu, na jina likanata. Wakunga wenzake walivunjika mbavu kila simu ilipoita kwenye chumba cha chai. Mama yake hakucheka. Mchana mmoja alikuwa anamsaidia binti yake kukunja nguo, simu iko wazi juu ya kitanda, sauti ya mwanaume ikajaza chumba.

"Marehemu wangu, umekula?"

Mama alidondosha shuka. Ilibidi binti amweleze kisa chote, na mama akamwambia amfikishie huyo kijana kwamba nyumba hii ina mtoto mmoja tu, hivyo achague maneno. Ujumbe ulifika. Mkaguzi aliomba radhi kwa heshima zote, akamwamkia mama shikamoo mara mbili ndani ya simu moja, na baada ya hapo jina hilo akalitumia kwa kunong'ona tu.

Walitembea sana, kwa sababu mkunga alikuwa hajaweza kupanda gari dogo tena. Njiani alizungumza juu ya gari lake. Lilikuwa la marehemu baba yake. Ndani yake ndimo alimojifunza kuendesha, baba akiwa pembeni anakanyaga breki ambayo haikuwepo upande wake. Baba alipoondoka, gari lilibaki na harufu ya koti lake, hasa likishinda juani. Likitengenezwa, alisema, nitakupeleka mahali fulani. Likirudi, nitakufundisha kuendesha kama mtu, maana nakuona ukija, unaendesha kama bibi harusi. Mkaguzi alitabasamu, akambana mkono. Naye mjomba wa mkunga, fundi wa kunyoosha bodi ambaye hakuwahi kushindwa na bati, alikuwa ameshamwahidi kwa simu: bati ni bati tu, litanyooka.

Ndipo ikaja simu ya dada wa ofisi ya bima, sauti tamu ya mtu anayesoma kitu mezani. Alimpongeza kwa kuwa na bima kubwa. Alimweleza kwamba gari halitengenezeki, kwamba atalipwa fidia ya thamani yake, na mabaki yatakuwa mali ya kampuni. Alichotakiwa ni kusaini na kukabidhi ufunguo.

"Nani kasema halitengenezeki?" mkunga aliuliza.

"Mkaguzi wetu. Ripoti aliileta siku ile ile aliyolikagua."

Siku ile ile. Siku ya gauni la njano. Mkunga alikaa kwenye benchi la korido ya wodi, watu wanapita na vitanda vya magurudumu, akapiga namba aliyoijua kwa kichwa.

"Ulijua," alisema.

Mkaguzi akasema, "Nilidhani na wewe unajua."

"Kila siku nakwambia likirudi, likirudi. Ukawa unanichekea moyoni?"

"Sikukucheka hata siku moja."

"Kwa hiyo ulinionea huruma. Hiyo ni mbaya zaidi." Akakata, na simu zilizofuata hakuzipokea.

Kwa siku kadhaa alizalisha watoto wa watu kwa mikono thabiti, akarudi nyumbani akalala ameelekea ukutani. Mama aliweka chakula, akakiondoa kikiwa vile vile. Mwisho mkunga akampigia mjomba: njoo na vyuma vyako, twende yadi, nataka umwonyeshe yule mtu kwamba gari la baba linatengenezeka. Akimwonyesha, kampuni ingebidi ifikiri upya, na ufunguo asingeutoa.

Mjomba alikuja na ovaroli lake la buluu na maneno mengi. Getini tu alikuwa ameshapanga ataanzia upande gani. Mkaguzi alikuwepo, anakagua basi dogo lililoungua. Alipowaona aliacha kazi, akaja, akamwamkia mjomba, akasimama pembeni mikono nyuma.

Mjomba alizunguka gari mara ya kwanza akizungumza. Mara ya pili maneno yalipungua. Mara ya tatu alipiga magoti, akaingiza mkono pale palipokuwa na taa, akafuata mhimili wa mbele kwa vidole, ulivyokunjwa na kukunjwa tena kama marinda ya sketi. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine.

"Mjomba," mkunga alisema, "si litanyooka?"

Mjomba alifuta mikono kwenye kitambaa ingawa haikuwa imechafuka. "Muulize mwenzako," alisema.

Mkunga alimgeukia mkaguzi. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, ameshika ufunguo kiganjani kama jiwe.

"Mwanzo nilidhani unajua," mkaguzi alisema. "Halafu nikagundua hujui, nikaogopa kukwambia. Hilo ni kosa langu na sina pa kulificha. Lakini njoo uone. Sikuombi uniamini mimi."

Alimwita upande wa dereva. Alimwonyesha injini, kwamba ilipaswa kuingia ndani, lakini ilishuka ikapita chini ya miguu yake. Alimwonyesha nguzo ya usukani, jinsi ilivyojikunja badala ya kumchoma kifuani. Mkanda wa kiti ulikuwa umevutika mpaka nyuzi zimeachana. Ulimshika, ukalegea kidogo, ukamshika tena. Nyuma palikuwa pamebonyea. Kulia palikuwa pamebonyea. Paa lilikuwa limeshuka.

"Sasa pima hapa," alisema.

Mkunga aliingiza mkono wake, mkono uliozoea kupima kwa vidole kitu ambacho jicho halikioni. Kati ya usukani na kiti. Kati ya mlango na kiti. Kati ya paa na pale kichwa chake kilipokuwa. Akapima tena, taratibu. Kila mahali chuma kilikuwa kimefika, kikaishia hapo. Lilikuwa limebaki umbo moja tu ndani ya vurugu lile lote, na alilijua, kwa sababu lilikuwa lake: mabega yake, magoti yake, kimo chake akikaa.

Kelele za yadi zilikuwepo lakini hazikumfikia. Alikuwa katika ule ukimya wa chumba cha kuzalia, mtoto ametoka na bado hajalia, ambapo hata wauguzi wazee huacha kupumua. Alikuwa ameuona ukimya huo mara nyingi akiwa upande wa kupokea. Hakuwahi kufikiri kwamba anaweza kuwa yule anayepokelewa.

"Gari zima limekufa," mkaguzi alisema, naye sauti yake haikuwa ya kazini, "likabakiza nafasi ya mtu mmoja."

"Na mjomba akilinyoosha?"

"Litapendeza. Litang'aa kuliko zamani. Lakini chuma kikishajikunja hivi kimetoa nguvu yake yote. Siku nyingine hakitakunjika. Kitakuja kwako moja kwa moja. Niliandika halifai tena nikidhani mwenyewe ameshakufa. Hata ungekuwa mama yangu ningeandika vile vile."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfungua. Angesema aliandika kwa kumpenda, angemtilia shaka. Mkunga aliinamisha paji la uso kwenye ukingo wa paa lililobonyea, akalia bila kujificha, kilio alichokuwa amekinyima nafasi tangu siku ya ajali, na pengine tangu baba alipozikwa. Hakuna aliyemgusa. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja, akafungua mkono wa pili, akampa mkaguzi ufunguo.

Mkaguzi aliushika ufunguo pamoja na mkono uliouleta, akawa hauachii.

"Nataka nije nizungumze na mama," alisema.

"Kuhusu gari?"

"Gari nimeshamaliza."

Mkunga alimtazama. Masizi yalikuwa yamemfika mpaka sikioni. "Ukinificha tena kitu kwa kuniogopea, hiyo simu yako utaupigia ukuta."

"Nimesikia."

"Mjomba huyo hapo. Anza na yeye."

Mjomba alikuwa amewapa mgongo, anajifanya kukagua tairi la gari lisilomhusu, kitambaa kiko machoni. Hakugeuka.

"Mimi niulizwe nini?" alisema. "Kwa nilichokiona hapa, leo tungekuwa tunarudi kutoka makaburini. Halafu mtu ananiuliza kama naruhusu mtoto aolewe. Waambie wa kreni waje, mimi nina harusi ya kutafutia suti."

Kreni ilikuja, ikashusha minyororo. Gari la baba liliinuka taratibu, likining'iniza mkanda uliochoka. Mkunga alilisindikiza kwa macho mpaka shingo ikauma, na kidole gumba cha mkaguzi kilikuwa kimetua kwenye mshipa wa mkono wake, kinahesabu.