Ujumbe wa Mashine ya Tatu

Kila siku akirudi shuleni, Chiriku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha akaingia chumba cha mashine kumwamkia shangazi yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na mdomo usiojua kupumzika, ndiyo maana shangazi alimbandika jina la yule ndege mdogo anayelialia tangu alfajiri. Jina likamganda. Hata mwalimu wa darasa alimwita hivyo akijisahau.

Shangazi alikuwa mtotoleshaji wa vifaranga. Majirani walimletea mayai ya kuku wao, naye aliyaandika alama kwa penseli, akayapanga kwenye trei, akayaingiza katika mashine. Baada ya siku ishirini na moja, walioyaleta mayai walirudi kuchukua vifaranga. Kazi yote ilisimama juu ya joto. Lilitakiwa liwe nyuzi thelathini na saba na nusu hivi, mchana na usiku.

"Likishuka, kifaranga anakata tamaa ndani ya yai," shangazi alizoea kusema. "Likipanda sana, tunaandaa chumvi tu."

Mashine zilikuwa tatu, na kila moja ilikuwa na asili yake. Ya kwanza ilitengenezwa na fundi umeme wa mtaani kutokana na friji mbovu. Ya pili ilinunuliwa mpya dukani. Ya tatu ilitoka ng'ambo ikiwa imeshatumika. Ndani ya kila moja mlikuwa na kompyuta ndogo ya kupima joto, na programu zake ziliandikwa kwa lugha tofauti za kompyuta: moja kwa C, nyingine kwa Python, na ile ya ng'ambo kwa Java.

Shangazi alikuwa na binti mkubwa, ambaye Chiriku alimwita dada. Dada huyu aliajiriwa mjini kuandika programu. Alipokuja likizo, aliziunganisha mashine zote na kompyuta moja kuukuu iliyokuwa jikoni, akaweka humo kitu alichokiita foleni ya ujumbe.

"Ni kama foleni ya dirishani," alimweleza Chiriku. "Kila dakika mashine inatuma ujumbe wa joto lake. Ujumbe unafika, unasimama nyuma ya mwenzake, unangoja zamu. Wewe uandike programu ya kukaa dirishani. Iite ujumbe mmoja, iusome, ionyeshe joto kwenye skrini, halafu iite mwingine. Utaweza?"

"Niachie mimi," Chiriku alijibu, kifua mbele.

Na kweli alijitahidi. Kwa wiki nzima, kila alipomaliza kazi za shule, aliketi mbele ya kompyuta ile, na mashine ya kwanza na ya pili zikaonekana kwenye skrini, namba zake za kijani zikipendeza. Lakini kila ujumbe wa mashine ya tatu ulipofika dirishani, programu ilikwama na skrini ikawa nyekundu. Chiriku alibadilisha hiki, akafuta kile, akajikuna kichwa. Wapi! Angeweza kumpigia dada simu, lakini angeanzaje, baada ya kujigamba vile?

Jioni ya Jumamosi, shangazi aliita kutoka uani, "Vipi, mwanangu, tayari? Nakuja kuona!"

Chiriku aliandika mstari mmoja haraka haraka. Ujumbe wowote usiosomeka wa mashine ya tatu utupwe, na skrini ionyeshe 37.6 kwa rangi ya kijani. "Ni kwa muda tu," alijiambia. "Kesho nitatafuta kosa."

Shangazi aliingia, akatazama, akapiga makofi. "Mtoto huyu! Miaka yote hii naamka kuchungulia vipimajoto, kumbe dawa ninayo humu ndani!" Mtaa mzima ulipata habari. Kesho ikaja na kupita, na nyingine, na nyingine. Kila aliposifiwa, ulimi wa Chiriku ulizidi kuwa mzito. Siku kumi na mbili zikapita hivyo.

Siku ya kumi na tatu shule ilifungwa mapema kwa sababu ya kikao cha walimu. Chiriku alipitia kwa mshonaji kuchukua sketi yake iliyoongezwa urefu. Mshonaji alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Ugonjwa ulikuwa umefagia banda lake la kuku, wakabaki wanne tu. Mayai arobaini ya kuku hao wanne yalikuwa katika mashine ya tatu.

"Nimekuwekea na mfuko wa ndani, wa kalamu," alisema akimkabidhi sketi. "Ni asante yangu. Shangazi yako kaniambia wewe ndiye unayeyalinda mayai yangu. Mwanangu, tangu nisikie hivyo, nalala usingizi."

Kugombezwa Chiriku angekuvumilia. Ile asante ndiyo iliyomshinda. Aliikumbatia sketi bila kuitazama, akatamka maneno mawili yasiyoeleweka, akatoka mbio.

Alifika nyumbani akihema. Jikoni, skrini ilisema 37.6, kijani kibichi. Alinawa, akaingia chumba cha mashine, akaweka kiganja kwenye mlango wa mashine ya tatu. Ulikuwa wa baridi. Akachungulia kipimajoto cha zamani kilichoning'inia ndani. Kilisoma thelathini na moja.

Shangazi alikuwa uani anasugua trei. Chiriku alisimama mbele yake.

"Shangazi, mashine ya tatu imepoa. Na skrini inadanganya. Mimi ndiye niliyeifundisha kudanganya."

Shangazi aliinua uso polepole. "Tangu lini?"

"Kudanganya, siku kumi na mbili. Kupoa, sijui."

"Asubuhi nilipoongeza maji ilikuwa na joto lake." Shangazi alikwisha simama, anajifuta mikono kwenye kanga. "Basi ni saa chache. Yai linaweza kuvumilia saa chache. Nawa mikono. Maneno baadaye."

Trei moja ya mashine ya pili ilikuwa tupu, wakayahamishia humo mayai ya mshonaji, moja moja, kama watu wanaobeba watoto waliolala. Fundi umeme alipoitwa, alifungua ubavu wa mashine na kukuta waya wa kipasha joto umelegea na kuungua ncha.

Ndipo shangazi akampa Chiriku simu. "Mpigie dada yako. Mweleze yote, na usiruke hata nukta."

Chiriku alieleza yote. Alingoja kukaripiwa. Dada akauliza tu, "Ujumbe wenyewe wa mashine ya tatu umeandikwaje?"

"Sijui. Nilikuwa nautupa."

"Basi acha kuutupa. Ngoja ufike mwingine, unisomee kama ulivyo. Usirekebishe kitu."

Chiriku alifuta ule mstari wake, akangoja. Ujumbe ukafika. "Ishirini na nane, koma, tisa," alisoma.

"Umesema koma?"

"Koma."

Dada alicheka, lakini si kwa kumcheka. "Huko ilikotoka wanaandika koma pale ambapo sisi tunaweka nukta. Programu yako ilitegemea nukta, ikaona hiyo si namba. Kosa dogo hilo, Chiriku. Hata mimi limewahi kunitoa jasho kazini. Lakini umeona? Mashine ya tatu imekuwa ikisema kweli kila dakika. Ilikosa wa kuisikiliza tu."

Walikaa kwenye simu mpaka betri ikalia. Dada alimweleza kwamba programu zinaweza kuandikwa kwa lugha yoyote, ila zikitaka kuelewana lazima zikubaliane namna moja ya kuandika ujumbe. Ujumbe ulitakiwa uanze na jina la mashine, ifuate saa, kisha joto, lenye nukta. Chiriku alizirekebisha zote tatu kwa mwongozo wake. Pia alitenga mahali pa kuwekea ujumbe wowote utakaoshindikana kusomeka. Hautatupwa tena, na skrini itabaki nyekundu mpaka mtu aufungue na kuutazama.

"Bado kazi moja," shangazi alisema. "Mayai si yangu wala si yako."

Chiriku alielewa. Alirudi kwa mshonaji akiwa peke yake, akasimama kando ya cherehani, akasema yote. Mguu wa mshonaji ulisimama juu ya kanyagio.

"Siku ngapi zimebaki?" aliuliza.

"Tisa. Labda kumi, kwa sababu ya ile baridi."

"Basi tutangoja. Umenikata maini, sikufichi. Lakini ungeweza kukaa kimya nisijue milele." Akavuta pumzi. "Nenda ukayaangalie."

Chiriku aliyaangalia. Asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule alisoma skrini, kisha akachungulia kipimajoto, akalinganisha. Siku ya ishirini na moja ikapita bila dalili yoyote. Siku iliyofuata, alasiri, yai moja lilitikisika. Likapasuka kitundu kidogo, mdomo ukachungulia. Kufikia kesho yake walikuwa vifaranga thelathini na mmoja, wamelowa, wanayumba kama walevi.

Mshonaji alipokuja na kikapu, aliwahesabu mara mbili. Chiriku alianza kuomba radhi kwa yale tisa, lakini mama huyo alimkatiza.

"Hata kuku mwenyewe akilalia hatotoi yote. Asante, mwanangu. Na safari hii naijua kazi ninayoishukuru."

Chiriku alijikuta analia na kucheka kwa pamoja. Mshonaji alipoondoka, shangazi alimketisha kwenye kigoda kando yake.

"Kukwama si aibu," alisema. "Dada yako anakwama, fundi anakwama, mimi nakwama. Kosa lako lilikuwa kuipaka rangi ya kijani shida usiyoimaliza. Wakati ule tulipokuona uko salama, nani angekuja kukusaidia? Uliposema kweli, walikuja wangapi?"

Chiriku alifikiri. "Fundi alikuja. Dada alinisaidia mpaka simu ikazimika. Mama mshonaji alinisamehe. Na wewe, shangazi. Wewe hukunigombeza."

"Nilitaka. Nafasi sikupata, tulikuwa na mayai mikononi."

Wote wawili waliangua kicheko. Kisha Chiriku akainuka, akampigia dada yake simu. Dada alipopokea, alishtuka kidogo.

"Kuna kilichoharibika?"

"Hakuna, dada," Chiriku alisema. "Nimepiga kusema asante tu."