Bwawa Lililonyamazishwa

Nyuma ya jikoni palikuwa na bwawa la samaki. Maji yalitoka mferejini kwa bomba, yakaanguka kutoka juu, yakapiga mawe. Pwaa, pwaa, mchana na usiku.

Mwenye nyumba alikuwa mponda kokoto. Vumbi la mawe lilimkaa kifuani, akashindwa kuinua nyundo. Sasa alilala chumba cha nyuma, karibu na bwawa, akikohoa. Yeye, mkewe na watoto wao walikula kwa hao samaki tu. Bwawa likifa, hawana pengine pa kushika.

"Mama watoto," mume alisema siku moja, "hayo maji yananipigia kichwani. Nikipata kausingizi, pwaa, nimeamka."

"Pole, baba watoto. Nitayanyamazisha."

Akatafuta kipande cha mpira wa maji, akakiunga kwenye bomba, mwisho wake akauzamisha bwawani. Maji yakaingia kimyakimya. Mume akalala mchana kutwa. Mke akafurahi moyoni.

Kisha jua likawa kali. Maji yakawa vuguvugu, tena ya kijani kizito. Asubuhi moja mke akakuta samaki wamejaa juu ya maji, midomo wazi.

"Shemeji, njoo uone! Wananisalimia!"

Shemeji, ndugu mdogo wa mume, alikuja na mswaki mdomoni.

"Wakusalimie wewe una nini? Hiyo ni njaa. Hata mimi hufungua mdomo hivyohivyo nikisikia harufu ya chungu."

"Wewe hufungui. Wewe hufungi kabisa!"

Wakacheka. Mke akawamwagia samaki pumba. Hawakula. Pumba zikalowa, zikazama. Kesho yake samaki wakaja tena juu, naye akaongeza pumba. Kila asubuhi ikawa hivyo. Maji yakaanza kunuka.

Basi kukapambazuka siku moja perege wakubwa wanaelea, matumbo meupe juu. Walikuwa wale wa kuzalisha. Mke akakaa chini palepale, mikono kichwani.

"Hii ni sumu," shemeji akasema. "Ni yule jirani wa juu. Si tuligombana naye kwa maji ya mfereji? Nakwenda kwake sasa hivi."

Mume akaita dirishani, pumzi zinamkatika. "Usiende kwa mtu na maneno usiyo na hakika nayo. Mwiteni bibi samaki."

Bibi samaki ndilo jina walilompa mama mmoja, afisa wa ufugaji wa samaki. Alifika kesho yake, jua halijatoka. Samaki waliobaki walikuwa juu, midomo wazi. Mke akanyoosha mkono kwenye debe la pumba.

"Weka chini, mama," akasema bibi samaki. "Hawaombi chakula hao. Wanatweta."

"Samaki anatweta vipi, naye yumo majini?" akauliza shemeji.

"Majini mna hewa, ndugu yangu. Wewe huioni, wao wanaivuta. Ikipungua, huja juu, maana pale maji yanapogusana na upepo ndipo ilipobaki kidogo. Niambieni, kambale nao wamekufa?"

"Hajafa hata mmoja," akasema mke.

"Sumu ingewabeba na hao. Kambale anaweza kupanda juu akameza hewa hii yetu. Perege hawezi. Anaishi kwa iliyomo majini tu."

"Sasa hewa ya majini imekwenda wapi?" akauliza mke.

"Tia mkono humo. Unasikia joto? Maji ya moto hayashiki hewa nyingi kama ya baridi. Na huo ukijani ni vimea vidogovidogo. Mchana kuna mwanga, vinatoa hewa. Usiku giza, navyo vinavuta kama samaki. Ndiyo maana alfajiri ndiyo mbaya. Na pumba zilizooza chini zinakula hewa vilevile." Akatazama huku na huku. "Lakini bwawa hili nalijua. Lilikuwa na kelele. Maji yakianguka na kurukaruka, huchukua hewa yakaingia nayo. Nani ameyazamisha?"

Mke alikwenda mwenyewe, akaung'oa ule mpira.

"Leteni ndoo," akasema bibi samaki. "Chota, inua juu, mwaga. Msipumzike mpaka jua lipande."

Wakachota. Shemeji akachota mpaka shati likamlowa. Jirani wa juu aliposikia, alikuja na ndoo yake, akaingia kazini bila kuuliza. Shemeji hakuthubutu kumtazama usoni.

Hata hivyo, siku ile samaki wengine walikufa. Wakaondoa tope lililooza. Wakaacha kulisha siku chache. Baadaye wakalisha jua likishapanda, kidogokidogo, kile tu samaki wanachokimaliza.

Mke akaenda kukaa kitandani kwa mumewe.

"Kumbe ni kimya changu kilichowaua," mume akasema.

"Ni mimi niliyefunga ule mpira."

"Ulifunga kwa ajili yangu. Acha maji yapige kelele, mama watoto."

Wakamhamishia chumba cha mbele. Kelele zilipungua, hazikuisha. Usingizi wake ukabaki wa vipandevipande, na kifua hakikupona. Lakini perege waliosalia walitaga, na watoto wa nyumba ile hawakulala njaa.

Asubuhi moja mke alirudi kutoka bwawani. Alikuwa ametazama maji muda mrefu, nayo yalikuwa matupu juu, hakuna mdomo hata mmoja.

"Umewaona?" mume akauliza.

"Sijaona hata mmoja. Wako chini, wanapumua."

Mume akavuta pumzi, ikamkwama, akakohoa mpaka mkewe akamshika mabega.

"Heri yao," akasema.