Wimbo wa Majina Mawili

Kila jioni baada ya masomo, Jenoveva wa mtaa wa Kitaji alipitia kanisani kufanya mazoezi ya fidla. Alizaliwa bila kiganja cha mkono wa kulia. Fundi viatu wa mtaa wa Mukendo alimkatia mkanda wa tyubu ya baiskeli, naye akautumia kuufunga upinde mkononi. Mwaka wa kwanza alikwaruza tu. Mwaka wa tatu, wapita njia walisimama kumsikiliza.

Siku ya mashindano ya shule, huko Bunda, alipiga "Asubuhi ya Mwaloni", wimbo wa ufukweni wavuvi wanakoshusha samaki. Vidole vilikimbia, upinde ukaruka, ukumbi mzima ukasimama ukishangilia!

"Jamani, pamoja na ulemavu wake," mshereheshaji alipaza sauti, "binti huyu ametunga wimbo wote peke yake! Zawadi ya utunzi ni yake!"

Moyo wa Jenoveva ulidunda kwa furaha. Mara akamwona rafiki yake Gati miongoni mwa wanafunzi. Gati alipiga makofi, lakini aliinamisha macho. Kile kipande cha katikati, kilichowainua watu vitini, alikibuni yeye siku walipokuwa wakianika dagaa pamoja. Kwenye fomu ya mashindano, Jenoveva aliandika jina moja tu.

Akaiweka fidla kitini, akakiendea kipaza sauti.

"Samahani. Sikutunga peke yangu. Kipande cha katikati ni cha Gati. Jina lake nililiacha makusudi, nilitaka sifa zote ziwe zangu."

Majaji walinong'onezana, kisha wakatangaza kwamba fomu haikuwa ya kweli. Zawadi ya utunzi ikaenda shule nyingine.

Gati alipanda jukwaani mbio. "Wewe nawe! Si ungenyamaza tu?"

"Nisingeweza kuupiga tena wimbo huu," Jenoveva alijibu, machozi yakimlenga.

Hapo jaji mkuu akasimama. "Zawadi ya upigaji bora haijaguswa na kosa hilo. Jenoveva, fidla hii mpya ni yako! Na wimbo wenu tutausikia kwenye tamasha la Butiama mwezi ujao, kwa majina mawili!"

Wasichana wakakumbatiana, wakarukaruka mpaka jukwaa likatikisika.

Mwalimu Magige, aliyewafundisha muziki, aliwapokea chini akicheka.

"Jenoveva, uliandika jina moja, na watu kwa kukuonea huruma wakakupa hata kisicho chako," alisema. "Kupiga fidla umejifunza kwa jasho lako, hakuna wa kukunyang'anya. Cha mwenzako mrudishie mapema, hata kama ukumbi mzima unakupigia makofi. Leo umefanya hivyo, nami najivunia kuwa mwalimu wako."