Fundi Avua Kiatu

Mume wangu ni fundi cherehani. Cherehani yake ni ya kukanyaga, kwa hiyo miguu yake ndiyo inayotulisha. Basi akapata kidonda chini ya mguu, mtu mwenye kisukari, akanificha wiki mbili nzima! Nilijua nilipofua soksi zake nikaona damu.

"Kesho zahanati," nikamwambia.

"Zahanati haina daktari."

"Muuguzi atampigia daktari wa hospitali. Mtaonana kwenye kompyuta."

Asubuhi namkuta kavaa koti, tai na viatu vinavyong'aa.

"Makubwa! Unakwenda kuoa?"

"Mama watoto, daktari ataona sura tu. Nisiaibike. Na kidonda nitakisema mwenyewe."

Kule zahanati, muuguzi alimpima sukari, presha na joto. Kisha daktari akatokea kwenye kompyuta.

"Shikamoo mzee. Unajisikiaje?"

"Marahaba! Mimi mzima wa afya, hofu kwako tu!"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini muuguzi alikuwa macho.

"Daktari, sukari yake iko juu, na ameingia akiburuta mguu. Naomba avue kiatu."

Kiatu kikatoka. Harufu nayo ikatoka.

"Kidonda kinanuka?" daktari akauliza.

"Kinanuka, daktari. Homa hana. Wekundu haujaenda mbali."

Muuguzi akakipima kwa rula, akasogeza kamera, akabonyeza pembeni yake. "Baba, inauma?"

"Hata kidogo!" Fundi akajibu kwa majivuno.

"Hilo ndilo linalonitisha," akasema daktari. "Sukari imeua hisia za mguu. Ungezidi kuchelewa, tungeweza kuukata."

Fundi akanishika mkono, nami niliogopa kweli.

Muuguzi akatueleza taratibu. "Daktari ndiye anayeamua dawa. Mimi ni macho yake, pua yake na mikono yake. Mkinificha mimi, na yeye haoni."

Tukapewa dawa. Kidonda kisafishwe kila siku. Wekundu ukipanda, hospitali siku hiyo hiyo. Na cherehani marufuku! Nikakanyaga mimi, na wateja wakapata suruali zenye mguu mmoja mrefu. Kila wiki muuguzi alimwonyesha daktari kidonda, wakashauriana. Kikapungua, kikafunga.

Siku ya mwisho Fundi alivaa koti lile lile, tai ile ile, na ndala. Daktari hata hajakaa sawa, mwenzangu keshainua mguu mbele ya kamera.

"Mzee," daktari akasema, "mguu nimeuona, umepona. Sasa naomba na uso, nikuamkie."