Makande Bila Magadi

Gaudensia alichoka. Alipalilia tangu asubuhi, akachota maji, na sasa anapika makande. Mumewe, Margwe, alikaa mlangoni, kichwa kinamuuma. Jana walikwenda zahanati. Presha yake bado iko juu, mwezi wa tatu sasa, na dawa anameza kila siku.

"Unalamba chumvi kwa siri," Gaudensia alimwambia. "Kaka yako alipooza hivihivi. Unataka na wewe nikubebe?"

"Silambi kitu, mama Ignasi. Nimechoka kusingiziwa."

Mara akaingia jirani yao Rogathe, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, ule."

Rogathe alionja. "Mama, yameiva laini kweli! Umeweka nini?"

"Magadi tu, yale ya Ziwa Balangida. Chumvi ya dukani sigusi tangu mlipoikataza."

Rogathe aliweka kijiko chini. "Na kwenye mboga unaweka magadi?"

"Kote. Bila magadi majani ya kunde hayalainiki."

"Pole, mama. Magadi nayo yana kitu kilekile kilichomo kwenye chumvi, kinachopandisha presha. Mwili haujali kama kimetoka dukani au ziwani."

"Jamani! Miezi yote hii namuumiza kwa mkono wangu?"

"Hukujua. Na sisi hatukukueleza vizuri."

Gaudensia alikasirika. "Sasa maharage yataiva lini? Kuni zenyewe nazifuata mlimani!"

"Yaloweke tangu jioni, asubuhi umwage yale maji. Yakishaiva, weka kitunguu, nyanya na karoti kwa ladha, halafu ukamulie limau. Mafuta pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Na baba asiache dawa."

Rogathe alipoondoka, Gaudensia alimgeukia mumewe. "Nilikusingizia."

"Sana," Margwe alijibu, wala hakutabasamu.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Margwe alikula amekunja uso. Gaudensia alisahau kuloweka maharage mara mbili, kuni zikaisha, akagombana na kila mtu. Lakini magadi hakurudia. Pole pole ulimi wa Margwe ukazoea, akaanza kuomba limau mwenyewe.

Baada ya miezi miwili walirudi zahanati. Muuguzi alipima, akapima tena.

"Imeshuka vizuri, baba. Pikeni hivyohivyo, na dawa uendelee nazo."

Gaudensia akakaa kwenye benchi, akaanza kulia.

"Unalia nini, na habari ni njema?" Margwe aliuliza.

"Nimechoka, baba Ignasi. Kila ulipochelewa kuamka nilidhani umepooza."

Margwe alikaa kando yake. Kisha akasema, "Leo nitapika mimi."

"Wewe? Hata moto hujui kuwasha!"

"Utanielekeza umekaa."

Alipika kweli. Makande yaliungua chini, kitunguu kikabaki kibichi. Gaudensia alikula yote, akaenda kulala bila kuosha hata sahani moja.