Casimir Akikanyaga Mpaka Mwisho

Siku ya soko mjini Baraka, kando ya ziwa, mwaka 1957, motokari nyekundu ya mbio, isiyo na paa, ilinguruma nyuma ya akina mama wauza samaki. Mmoja wao, Adolphine, akaruka, na beseni lake la ndakala, dagaa wakavu wa ziwani, likamwagika lote vumbini.

Alikuwa amejifunga kitenge cha manjano, na hasira ilimpendeza, msinilaumu kwa kusema kweli. Akamwendea dereva.

"We iko na wazimu? Juu ya nini unaliza mashini hivi?"

Casimir, fundi wa mzungu mnunuzi wa pamba, mwenye gari hilo, akazima injini. "Mashini ya mbio, dada. Bila kuikanyaga mpaka mwisho, inajaa masizi. Inaziba sawa roho."

"Roho ya nani?"

"Yangu, tangu saa hii."

Akina mama wakaangua kicheko. Casimir akapiga magoti, na suruali yake nyeupe, akaokota ndakala mmoja mmoja. Mapenzi yakaanzia hapo, yakinuka samaki.

Tangu hapo kila Jumamosi, akimaliza kazi, alikanyaga mafuta mara tatu hadi mshale wa kipimo cha injini ugonge mwisho. Baraka nzima ilijua anamwita nani. Naye alikuja, akigomba njia nzima.

"Nimesikia! Unataka mpaka bakiboko ba ziwa bashituke?"

"Bashituke, mupenzi. Bajue uko wangu."

Ijumaa moja shangazi yake Adolphine akafika kutoka Lweba. "Ile mashini ya mupenzi wako imelia kwetu leo mara tatu, karibu na nyumba ya Anastasie, ule binti muzuri."

Wivu ulimchoma Adolphine. Jumamosi gari likaita, hakutoka. Likaita tena. Yeye alikuwa akifunga nguo zake aende kwa dada yake kule Kazimia, ambako mwanamume mwingine aliyemtaka alingoja jibu lake.

Mwishowe Casimir akaja na gari hadi mlangoni pa Adolphine, kando ya soko, akashuka akiiacha mashini ikinguruma, mafuta ya injini yamempaka mpaka viwikoni.

"Adolphine, masikio imeziba?"

"Uliza Anastasie! Si ulienda kuliza mashini kwake kule Lweba?"

Casimir alicheka hadi akaketi chini. "Jirani ya Anastasie ni nani?"

Adolphine akalitua furushi lake la nguo. Jirani alikuwa Isidore, ndugu wa mama yake, na kwao binti haposwi kabla mjomba hajaridhia.

"Nilienda kwake kukuomba. Mujomba akasema, 'Kwanza nisikie ile kelele yenye inasumbua mutoto wetu. Kanyaga mpaka mwisho!' Nikakanyaga. Akanikataza kukuambia mpaka afike yeye mwenyewe kesho."

"Akasema nini?"

"Amekubali. Inabakia we."

Moyo wa Adolphine ulijaa furaha. Akampita, akaingia garini, akakunja kitenge.

"Ya kukanyaga iko wapi?"

"Ya kuume. Lakini polepole, mupe—"

Akakanyaga hadi mshale ukagonga mwisho. Mara ya pili. Mara ya tatu, nadhani hata Ubwari, ng'ambo ya ghuba, walisikia.

"Na hiyo ni nini?" Casimir akauliza, mikono masikioni.

"Ni ndiyo! Si we ndiye umenifundisha kuongea hivi?"

Vigelegele vikapaa sokoni, vikichanganyika na matusi, maana mabeseni kadhaa ya ndakala yalikuwa yamemwagika. Wachumba wakashikana mikono, wakaenda, wakapiga magoti wote wawili, wakaanza kuokota.